Mlinzi wa Kona ya Ijumbi

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, nimeshiba, na kulikuwa kumeshakucha. Wanaonijua hapa Ijumbi watakwambia mimi ni mbishi. Hata padri nambishia. Lakini hili halibishiki, maana mdogo wangu anachechemea kwa sababu yake.

Mbio za magari zilikuwa zimerudi kwetu baada ya miaka mingi. Mara ya mwisho nilikuwa mtoto, nazitazama kutoka juu ya mparachichi. Safari hii njia ilibadilishwa. Zamani magari yalitoka Bukoba, yakaja mpaka huku Muleba, yakashuka bondeni kwetu na kuvuka daraja la mto. Daraja lile lilishasombwa na maji. Kwa hiyo pale njia panda, juu ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, sasa yalitakiwa kukata kulia. Mimi nikapewa bendera ya njano niyaonyeshe. Dereva hufuata bendera kuliko kitu kingine chochote. Na gari la kwanza lilikuwa la Deo, mdogo wangu, fundi wa magari huko Rwamishenye, mjini Bukoba, aliyeliunda gari lile kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Akatokea mzee kwenye njia ya zamani, amevaa koti la mvua, filimbi shingoni. Nikamwamkia kwa Kihaya, akaitikia vizuri.

"Zimerudi?" akauliza.

"Zimerudi, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Nimezingoja sana," akasema, na sauti yake ikanihuzunisha, sijui kwa nini.

Akafungua jani kavu la mgomba, akanipa punje za kahawa. Kama wewe si wa kwetu, elewa: kahawa ya kutafuna haikataliwi. Kuikataa ni kumwita mtu mchawi mbele ya uso wake. Na ukiila, umeshakuwa ndugu yake. Ndiyo maana kwanza tunaulizana ukoo. Mimi, mbishi wa kijiji, siku hiyo sikuuliza. Nikatafuna. Haikuwa na ladha yoyote.

Akaniambia nimpe bendera nikapumzike, kona ile ni yake tangu zamani. Nikampa. Ungemkatalia mzee ambaye kahawa yake bado iko mdomoni mwako?

Mara gari likasikika kilimani. Mzee akainua bendera, akaielekeza kushoto, bondeni, kusiko na daraja. Nikapiga kelele, hakugeuka. Nikaruka katikati ya barabara nikatanua mikono, nikijua Deo atanigonga. Gari likayumba, likaingia migombani, likalala ubavu. Msaidizi wake, aliyeketi kando yake, akatoka mzima. Deo alivunjika mguu.

Niamini, nililia kwa furaha. Nilidhani nimemwokoa.

Hospitalini Bukoba, Deo aliniita karibu na kitanda.

"Kaka, kwa nini ulinionyesha kushoto?"

Nikamweleza habari za mzee.

"Huyo nilimwona," akasema. "Ndiye aliyesimama katikati, ametanua mikono. Bendera ulikuwa nayo wewe."

Msaidizi wake alisema vilevile. Na waliofika kwanza walinikuta kando ya barabara, bendera mkononi.

Mama peke yake ndiye aliyeniamini. Alisema kweli kulikuwa na mzee aliyelinda kona ile. Mbio zilipokatishwa, hakuna aliyempelekea habari. Alishinda mvuani akiyangoja magari, homa ya mapafu ikammaliza. Njia aliyoijua ni ile ya bondeni tu. Sasa niambie, alikuja kumpoteza Deo kwa mikono yangu, au kumwokoa kutoka kwangu? Sijui, na naogopa kujua. Pale njia panda sipiti tena, nazunguka kwa majirani.

Basi nawe ukipita barabara zetu kwenye ukungu, ukakutana na mtu anayekukaribisha kahawa, muulize ukoo kwanza. Akinuna, anune. Afadhali uitwe huna adabu.

Deo huja Ijumbi kila Krismasi. Hatugombani, tunacheka, tunakula pamoja. Kisha mama hunipa kisahani cha kahawa nimkaribishe mdogo wangu. Deo hunitazama mikono, hutabasamu, halafu huomba maji.