Meno Saba ya Plastiki

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini, na wa kwanza kukataa atakuwa mtu aliyesoma. Akatae tu. Aliyesoma ndiye aliyeleta balaa lenyewe: Datius, mwalimu wa shule ya Kibeta, ambaye stashahada kaitundika ukutani na akili kaiacha hukohuko ukutani.

Mama yake ni Agnetha wa Ijumbi, darasa la nne, shamba la migomba na mibuni kidogo. Jovita, mke wa Datius, alikuwa amemletea mjukuu amwone, kichanga cha miezi minne, Mwesiga. Siku ya tatu ya ugeni mtoto akaanza kuharisha. Agnetha hakupiga kelele. Akamtia mama mtu mbele mpaka kituo cha afya, na siku hiyo alikuwepo daktari wa watoto kutoka Bukoba mjini. Daktari akasema: anyonye kila anapotaka, apewe maji ya ORS kwa kijiko, na zinki siku kumi, akilegea au macho yakizama, arudishwe palepale. Jovita aliitikia kwa kichwa tu. Agnetha alimwomba daktari arudie, akayashika neno kwa neno.

Alikuwa na sababu. Miaka thelathini nyuma mtoto wake wa pili, Kaijage, aliharisha hivyohivyo. Akaitwa fundi wa kienyeji, akampasua fizi kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa, akachomoa vijimeno laini ambavyo havijaota bado, akasema ndiyo meno ya plastiki yanayomharisha. Agnetha mwenyewe ndiye aliyemshika mtoto kichwa. Siku ya nne Kaijage alizikwa nyuma ya mibuni.

Walipotoka kituoni simu ya Agnetha ikalia; Jovita alikwisha mwarifu mumewe.

"Mama, ORS ni maji ya chumvi tu," Datius akasema. "Huyo ana meno ya plastiki. Hapa shuleni walimu wote wanajua. Nimemwita fundi Rutashobya, kesho asubuhi atakuwa hapo."

"Walimu wote?"

"Wote, Mama."

"Basi Mungu awaangalie watoto mnaowafundisha." Akakata.

Rutashobya! Koti la harusi juu ya kaptula, bingwa wa fizi aliyesomea kuziba pancha. Kesho yake pikipiki ikamshusha uani saa nne asubuhi, spoku ameiviringisha kwenye leso kama hostia ya misa.

"Waitu, Ma Agnetha," akanyenyekea kwa Kihaya, "mgonjwa yuko wapi?"

Agnetha akamnawisha mikono kwa sabuni. Akaiangalia, akamnawisha tena. Kisha akaingia ndani, akatoka na kichanga ndani ya kitenge cha Jovita. Rutashobya akapitisha kidole kwenye fizi, akafumba macho, akanuna kama askofu anayesubiri sadaka.

"Saba," akasema. "Tusipotoa leo, kesho mnachimba kaburi."

"Saba kamili?"

"Saba, Ma. Kuharisha kote kunatoka humu."

"Immakulata!" Agnetha akaita. Jirani akatokeza jikoni amejiziba mdomo kwa khanga. "Njoo uchukue binti yako. Ana meno saba na anaharisha, na wewe mama yake hujui."

Binti wa Immakulata, mnene, hajaharisha hata siku moja, akamkojolea bingwa koti. Mwesiga alikuwa chumbani na mama yake, anapokea ORS kijiko kwa kijiko.

"Yule wako pia ni lazima nimwone," Rutashobya akang'ang'ania, "baba yake kaniagiza."

"Nipe hiyo spoku."

"Ya nini, Ma?"

"Nipe. Ile ya kwanza niliiacha iingie."

Rutashobya akatazama mlango wa nyumba, lakini mlangoni alikuwa amesimama Immakulata, binti mgongoni na mchi mkononi. Bingwa akaitoa spoku. Agnetha akaenda nayo chooni, akaidondosha, akasikiliza mpaka ikafika chini.

Siku ya nne ya kuharisha, ileile aliyoiogopa, Mwesiga aliamka hajachafua nepi, akanyonya mpaka Jovita akalalamika. Agnetha akatoka nje akakaa nyuma ya mibuni peke yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyemfuata.

Na yule bingwa? Alitoka pale mbio! Kwa miguu yake, kutoka Ijumbi, akaipita Muleba mjini bila kugeuka, akafika Hamugembe, Bukoba mjini, kabla watu hawajala mchana, soli zimeisha, na mpaka leo akiona baiskeli anapanda juu ya m—

"Shemeji Protase!" Ni Agnetha, amesimama nyuma ya kiti changu anasoma ninayoandika. "Hamugembe kwa miguu? Aliondoka na pikipiki iliyomleta. Haya, andika hapo ilikuwa ya nani, na nani aliiendesha." Nikaufunika ufunguo wa pikipiki kwa daftari.