Homa ya Kisiwani na Ulanzi wa Mama Mdogo

Nakumbuka siku ile kaka yangu Tomaso aliporudi Kifanya kutoka Unguja, alikokwenda kuchuma karafuu enzi za Mwingereza. Nawe, mwanangu, umekwisha kufunga mzigo wa kwenda huko huko visiwani, basi kaa kwanza unisikilize. Mimi ni mtu wa kushuku, hilo unalijua. Anayekwambia kwamba upepo wa bahari hufukuza mbu, muulize yeye analala ndani ya nini.

Siku hiyo Mama mdogo Lidia, mdogo wake mama yangu, alimpokea Tomaso kwa ulanzi aliougema kwenye mianzi yake mwenyewe. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Kwa furaha alisahau, akampa kikombe moja kwa moja. Mama aliliona hilo, na mimi nililiona.

Haukupita muda Tomaso akaanza kutetemeka hapo hapo motoni, meno yakigongana, kisha mwili ukawaka na akawa anaweweseka. Kwetu ni baridi, na habari za mbu tulizisikia kwa wasafiri tu. Nani angewaza malaria? Macho yote yakamgeukia Mama mdogo. Watu wakaacha kuitikia salamu zake, na mama akanikataza kupokea hata hindi la kuchoma kutoka mkononi mwake.

Tomaso alipozidiwa tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya masista Wakatoliki wa Uwemba, ingawa sisi ni Walutheri. Mama mdogo alifuata nyuma peke yake. Sista akauliza mgonjwa ametoka wapi.

"Makambako," baba akajibu. "Lakini huyu amelishwa sumu."

Hakudanganya, maana lori lilimshusha Makambako, lakini huko nako ni baridi kama kwetu. Sista akaanza kumbonyeza tumbo.

"Shemeji, sema yote," Mama mdogo akasema akiwa mlangoni. "Ametoka kisiwani. Aliniambia mwenyewe kwamba mbu walimla huko, na vidonge vyake vya kwinini akavigawa Makambako, eti nyumbani kuna baridi."

Sista akamtazama baba, akaenda kuleta kwinini. Tomaso alipona, lakini tulikuwa karibu kumzika kwa sababu ya jibu lile.

Kwa hiyo huko uendako, mwanangu, lala ndani ya chandarua na ukichomekee vizuri. Maji ya kunywa yachemshe, hata wakikusifia kisima chao. Dawa utakayopewa imalize kama ulivyoelekezwa, hata ukiwa umekwisha kufika huku kwenye baridi. Na homa ikikushika baada ya kurudi, neno la kwanza kwa mganga liwe kwamba ulikuwa kisiwani. Mshuku mbu kabla hujamshuku ndugu yako.

Mama alimwomba radhi mdogo wake, naye akasema yamekwisha. Hayakuisha. Miaka mingi baadaye nilimkuta amempakata mtoto wangu wa kwanza, anamnywesha uji. Kila kijiko alikionja kwanza huku akinitazama mimi. Nililia siku ile, na nikikumbuka bado naumia.

Nenda, Mungu akutangulie baharini na nchi kavu. Akurudishe mzima, na ukifika hapa mlangoni upokee kikombe kwa mikono miwili bila kumwogopa aliyekupa.