Mfalme wa Tatu Alichelewa

Mwaka huu, Jumapili ya Epifania, nilitoka kwangu Makomeno nikaenda kusali Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini kwetu, kwenye parokia iliyonilea. Sijui nilifuata nini, rafiki yangu. Wafalme watatu walikuwa tayari mbele ya pango, wa plastiki, wamewekwa hapo pamoja na Mtoto tangu mkesha wa Noeli. Nikakaa benchi la nyuma, nikakumbuka kwamba zamani wafalme walikuwa wanatembea.

Kweli, walitembea. Katekista wetu alikuwa na sanamu za udongo, ndefu kama mkono wangu. Siku ya Noeli aliziweka mlangoni mwa kanisa, na kila asubuhi baada ya misa mtoto mmoja alizisogeza benchi moja mbele, hadi zifike pangoni siku ya Epifania. Nilipotimiza miaka tisa, kazi hiyo ikawa yangu.

Mama alikufa nikiwa mchanga. Nililelewa na Nkambo, mama mzazi wa baba. Baba alikuwa makanika kwenye treni za kaskazini, na kila Noeli alirudi na samaki wakavu wa Kalemie na harufu ya mazutu, mafuta ya treni, kwenye koti. Mwaka ule hakurudi. Nkambo alikuwa amemfunga jogoo kamba mguuni, nyuma ya nyumba, akimngojea mwanawe. Mvua ilipiga mabati siku nzima. Kwa majirani wali ulinukia, watoto wakapita matopeni na viatu vipya. Sisi tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo.

"Treni inakwama Kamina," Nkambo akasema. "Usilie. Noeli haiyaisha. Inaisha siku bafalme banafika."

Maneno hayo niliyashika kama yalivyo. Kila asubuhi nilisogeza sanamu huku nikihesabu mabenchi yaliyobaki. Jumamosi, lilipobaki moja tu, nilimfunga mfalme wa tatu ndani ya kitambaa changu cha kichwa nikaondoka naye. Nilimficha kwenye gunia la makala, makaa yetu ya kupikia.

Kesho yake wafalme wawili tu ndio waliofika pangoni. Padri aliwatazama, akaendelea na mahubiri. Mchana Nkambo aliingiza mkono guniani achukue makala, akatoa mfalme mwenye uso mweusi tii.

"Ni weye ulimukamata?"

Nikamweleza kwamba mfalme huyu asipofika, Noeli haiwezi kuisha kabla ya baba kuja. Hakunipiga. Aliketi, akamfuta mfalme uso kwa kitenge chake, akafuta hata pale palipokwisha takata. Kisha akanishika mkono tukaenda kwa katekista. Yeye alisikiliza yote, akanirudishia sanamu.

"Njia iko mubaya, mvua iko mingi," alisema. "Tutamungojea."

Treni iliingia Alhamisi. Tulisimama stesheni tangu asubuhi, watu wakishuka na magunia ya maharage, mbuzi, magodoro. Wa mwisho alikuwa mwenzake baba wa kazini. Alivua kofia mbele ya Nkambo.

"Mama, mwana yako iko muzima. Anabakia Kamina. Kule iko na mwanamuke na mutoto."

Nkambo alimshukuru, kama mtu aliyeletewa salamu. Tulirudi kwa miguu. Alipofika alimchinja jogoo, akampika na wali, akaniwekea mapaja yote mawili.

"Kula, mwana. Sasa Noeli inaisha."

Asubuhi nilimpeleka mfalme. Katekista alimweka pangoni kidogo, kisha akawafunga wote watatu kwa magazeti.

Miaka mingi baadaye, akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, Nkambo aliniambia, "Nilikuwa najua tangu Majilio kwamba baba yako hatarudi. Lakini nilikuona unafurahi kungojea."

Baba bado yuko Kamina, nasikia. Sijamtafuta. Ninayemkosa kila Januari si yeye. Ni yule mama mzee aliyebeba habari ile peke yake, siku zote zile, akipika sombe, akitazama barabara pamoja nami kana kwamba kuna mtu anakuja.

Misa ilipokwisha watu walipiga picha pangoni kwa simu, wakatakiana heri, wakaondoka familia kwa familia. Nilirudi Makomeno nikala wali niliopika asubuhi. Nikaosha sahani yangu moja, nikaifunika.