Kompyuta Yangu Kwanza

Mama yangu alizikwa nyumbani, karibu na dirisha la chumba changu, kati ya mibuni aliyoipanda mwenyewe. Huku Mbinga wengi wetu tunazikana hivyo, na ndiyo sababu Wi-Fi ya nyumba yetu ilifika mpaka kaburini.

Dada yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, anafanya kazi za ndani Uarabuni. Bosi wake alimnyima ruhusa ya kuja kuzika. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, kisha akaniomba jambo moja tu: "Mdogo wangu, udongo wangu utanitupia wewe. Ila niwekee simu, niuone ukiingia. Nisipouona, moyo wangu hautakubali kwamba mama amekufa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi na mtandao ni chanda na pete.

Ruta inayogawa Wi-Fi hiyo niliifunga mwenyewe. Ninafundisha hisabati shule ya msingi, na burudani yangu ni filamu za mapigano, zile ndefu, za kupakua kwa kugawana. Huichukui filamu nzima mahali pamoja. Unavuta vipande kutoka kompyuta za watu msiojuana, huyu kipande hiki, yule kile, na wewe unawagawia wengine ulivyokwisha kupata. Nilipomweleza mama, alisema kumbe ni ngokela, ile kazi yetu ya kuitana shambani, leo kwako kesho kwangu. Akauliza kama na wao huko wanapikiana pombe. Nilicheka sana.

Tatizo lilikuwa kasi. Filamu moja ilijikokota karibu wiki nzima. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Nikaipa kompyuta yangu namba ya kudumu, nikafungua mlango wa kupitishia vipande moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, ruta isivizuie. Halafu nikakuta mahali pa kupanga nani ahudumiwe kwanza. Hapo sikujiuliza mara mbili. Niliweka kompyuta yangu juu, na simu zote za nyumbani zikasubiri nyuma, ya mama ikiwamo. Nikapanga pia kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi na kuendelea na upakuaji, maana umeme wetu una tabia zake. Mambo yakawa moto. Mama alipolalamika kuwa picha za wajukuu hazifunguki, nilimwambia mtandao wa siku hizi mbovu. Akaniamini, mimi si ndiye fundi?

Siku ya maziko umeme ulikatika asubuhi, ukarudi muda mfupi kabla ya padri kufika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mtandao wa simu pale kwetu bondeni ni wa kubahatisha, kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa ruta. Binamu yangu akashika simu, dada akatokea, amejifunga kanga kichwani, yuko jikoni kwa watu na anaongea kwa kunong'ona. Aliona jeneza likitoka ndani. Aliwaona wajomba zetu waliopanda kutoka Tingi, akawaita mmoja mmoja.

Vipande vile vya filamu huanza kuingia taratibu. Wagawaji wakiongezeka, ndipo vinamiminika. Tulipofika kaburini picha ilikwama, padri ameinua mkono wa baraka. Binamu akanikonyeza. Nilitupa udongo wangu, nikachota tena wa dada, nikasimama nao. Padri akangoja, kwaya ikarudia wimbo. Kwenye simu kiduara kilizunguka tu. Baba mkubwa akaniinamia: "Mwalimu, mvua inakuja." Nikatupa. Nikalitaja jina la dada nikiielekea simu ambayo haikuwa inapeleka chochote.

Watu waliilaani kampuni ya mtandao. Mimi nililaani kuwazidi wote.

Sasa, kwetu msiba bila watani umepungua. Tuna mtani wetu, mama mmoja wa Kingoni, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejilaza njiani akidai jeneza halipiti mpaka apewe kuku. Tulipokuwa uani tunangoja chakula, aliingia chumbani kwangu kutafuta cha kuteka, kama watani wanavyofanya, akatoka na kompyuta yangu imefunguka. "Nimekamata mateka! Nani anamkomboa?" Akabonyeza asichokijua, filamu ikalipuka: risasi, magari, mtu anaruka kutoka ghorofani. Picha safi, haikwami hata kidogo. Uani pote wakacheka, hata waliokuwa wakilia. "Jamani, mama kaondoka, mwana kajiletea sinema ya kumbembeleza!"

Mtani hakasirikiwi. Nilimfuata nikijichekesha, nikaona pembeni ya kioo: upakuaji umekamilika, na saa ulipokamilika. Tulikuwa bado tunafukia. Nikaelewa kila kitu pale pale, na kicheko kikanifia mdomoni. Nimewahi kuaibika, lakini aibu ile ilikuwa ya namna nyingine. Ningepewa jembe ningejifukia ubavuni kwa mama. Na watu walivyoniona nimetoa macho wakadhani ni uchungu wa msiba. Shangazi akaja kunifuta jasho kwa ncha ya kitenge chake.

Simu ikaita. Alikuwa dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Udongo wangu ulitupa?"

"Niliutupa."

"Sikuuona. Nimebaki na mkono wa padri tu." Akavuta pumzi. "Na hizo kelele za nini? Mnapigana?"

Ningeweza kusema ni watani, na isingekuwa uongo. Uani walikuwa bado wanacheka, na yule mtani amekataa kuizima kompyuta mpaka mateka wake akombolewe. Nilisogea nyuma ya nyumba, penye mibuni, udongo mbichi uko mbele yangu, nao umewekewa maua.

"Ni filamu, dada. Ilikuwa inaingia kwenye kompyuta yangu wakati tunamzika mama. Niliipangia itangulie kabla ya simu zote. Ndiyo iliyokukatia picha."

Nilisikia vyombo vikigongana huko aliko, na sauti ya mtu akimwita kwa lugha nisiyoijua. Hakuitika.

"Hiyo filamu," akauliza, "imefika nzima?"

"Nzima, dada."

Akakata simu.