Nafasi ya Mwisho kwa Daktari wa Macho

Madaktari wa macho walipokuja kwenye zahanati yetu ya Kisumu Ndogo, hapa Malindi, kutoa mtoto wa jicho bila malipo, mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yangu ilikuwa kupanga orodha. Walikaa siku mbili. Siku ya pili adhuhuri nafasi ilibaki moja, na kwenye benchi walibaki wanawake wawili.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wangu. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kabisa, la kulia ndiyo kwanza linaanza ukungu. Alikuwa akishona kofia kwa mkono, na kwa miezi mingi alikuwa akishona na kufumua, akishona na kufumua. Alifika alfajiri, kabla ya mtu yeyote. Lakini kila alipoletwa asiyeona kabisa, nilimtanguliza huyo. Mama mkwe nilimsogeza nyuma mara tatu, na kila mara alinitazama kwa lile jicho moja.

Wa pili alikuwa bibi mmoja kipofu wa macho yote mawili. Aliishi na mke wa mpwa wake, ambaye alipokwenda kibaruani alimfungia ndani kwa kufuli asije akapotea. Jirani ndiye aliyemleta, saa sita. Hakuna aliyempenda. Mimi mwenyewe aliwahi kunimwagia maji machafu nilipokwenda kumjulia hali.

Daktari aliwapima wote wawili, kisha akaniita pembeni, ingawa mama mkwe alisikia kila kitu.

"Huyu wa kofia nikimpasua ataona kama zamani," alisema. "Yule bibi macho yameharibika hadi ndani. Pengine ataona mwanga, mlango, umbo la mtu. Zaidi ya hapo asitarajie. Mimi ningempa atakayefaidika zaidi, lakini orodha ni yako."

Mama mkwe aliinuka. "Umesikia mwenyewe. Huyo hata akipasuliwa haoni."

"Mama, wewe unalo jicho moja. Yeye hana hata moja."

"Kwa hiyo ningoje nipofuke kabisa ndipo unione?"

Nililojua ni kwamba mmoja wao jioni ile angekwenda nyumbani kwa miguu yake, na mwingine angerudishwa kwenye kufuli. Kwa mtu wa kufuli, kuuona mlango si jambo dogo. Nikaliandika jina la bibi.

"Mtu wa bara ni mtu wa bara tu," mama mkwe alisema, akafunga buibui lake na kuondoka. Mimi nimezaliwa papa hapa Malindi. Wazazi wangu ndio waliotoka bara, na kwa miaka tisa ya ndoa yangu hakuwahi kuniachia nikasahau. Kwa hiyo niseme ukweli: nilipoandika lile jina, ndani yangu palikuwa na raha kidogo. Naamini ningeliandika hata bila raha ile, lakini hilo siwezi kumthibitishia mtu.

Usiku mume wangu alisema, "Ungemwandika Mama. Nani angekuuliza?" Kisha akageukia ukutani.

Bibi alipofunguliwa bandeji aligeuza kichwa polepole. "Hicho cheusi ni wewe?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Ondoka mlangoni, unaniziba mwanga."

Hakusema asante, si siku ile wala baadaye. Ila kufuli ilitolewa. Akawa anakwenda msalani peke yake, na mchana anakaa nje akiwatukana wapita njia kwa kufuata vivuli vyao.

Mama mkwe alikataa jina lake kuandikwa tena kwa mkono wangu. Alipasuliwa Kikambala, alikokwenda kukaa kwa dada yake, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Anaona vizuri sasa, lakini wateja wake walikuwa wameshapata mshonaji mwingine, na wengi hawakurudi.

Mwezi uliopita walikuja wageni nyumbani. Alininyoshea kidole mbele yao. "Huyu ndiye aliyeniulia kazi yangu."

"Nikipewa kalamu tena, Mama, nitaandika vilevile," nikasema.

Hakuna aliyenitetea. Mume wangu aliinamia simu yake. Mgeni mmoja, aliyekijua kisa hicho, akauliza kama yule bibi bado yu hai.

"Yu hai," mama mkwe akajibu, "na haoni kitu."

"Anaona mlango," nikasema, na yeye akanyanyuka akatuacha sebuleni.