Tumbo la Kuazima

Miaka ile ya tisini kaka yangu mkubwa alivijua vyoo vyote kati ya Kaloleni na kituo cha mabasi: kipi hufungwa, kipi hakina mlango. Daktari alisema ni kimelea cha utumbo. Mtu mwenye afya humharisha siku chache kikaisha, lakini kinga ya mwili wa kaka ilikuwa imeliwa na virusi, na mgeni akahamia. Mimi, msomi wa ukoo, nikaanza kuchemsha kila kitu, hata maji ya kupigia mswaki. Shemeji, mke wa kaka, akasema nimebakiza kuchemsha ziwa lenyewe.

Kaka alitaka jambo moja: kupeleka ng'ombe wa mahari Asembo Bay, kwa wazazi wa shemeji, asife akamwacha mke asiyetolewa kitu. Lakini mkwe haombi choo ukweni. Na akitoka mara kwa mara watasema ni chira, amevunja mwiko, au ule ugonjwa mwingine, na wamzuie binti yao.

"Omera, ndugu yangu, leo tumbo ni lako," aliniambia njiani. "Nikikukanyaga, inuka."

Alinikanyaga kabla ya chai.

"Samahani Baba, tumbo langu," nikamwambia baba mkwe. Kaka akainuka kunisindikiza, kama mkubwa mwenye huruma. Aliyeingia chooni ni yeye. Mimi nilisimama kando ya ua nikikohoa, mtu asikaribie.

Mara ya pili ilikuwa katikati ya sala. Mara ya tatu wazee walikuwa wakibishania pembe za fahali. Nikaketi, nikangoja kiatu chake, nikainuka hata kabla hakijanigusa.

"Huyu wa university," baba mkwe akauliza, "huko mnakula vitabu bila kupika?"

Wote walicheka, kaka kuliko wote. Kicheko kikamshika tumbo. Akanikanyaga tena.

Ng'ombe walipokelewa.

Kaka hakumaliza mwaka. Mazishini mama mkwe alikuja kuketi karibu nami.

"Tumbo yako ilipona?"

"Ilipona, Mama."

"Siku ile nilileta maji pale choo. Nikaona wewe umesimama kwa ua, unakohoa." Akanyoosha leso magotini. "Nikarudi nayo. Sikuambia mzee."

 Miguu yangu ilikuwa imeshajiandaa kuinuka.

"Kaa," akasema. "Ile ng'ombe nyekundu mlileta imezaa."