Nyakerario na Kamba ya Osiri

Nyakerario aliosha dhahabu kwenye machimbo ya Osiri mpaka mikono yake ikakataa kunyooka. Alifika huko na mumewe, Mokua, wakitokea Rongo, ambako biashara ya ndizi ilikuwa imewashinda. Hakuwa mtu wa maneno. Akiinama dimbwini na karai lake ungedhani anasikiliza maji. Jumamosi, Sabato yake, alikwenda kanisani, hakuosha, na waliomcheka kwa hilo ndio waliomjia Jumapili kuomba sabuni.

Osiri kuna mwiko. Mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Akikaribia, wanasema, dhahabu inakimbia. Kwa hiyo mashimo yamezungushiwa kamba. Wanaume wako ndani ya kamba, wanawake nje, wanasaga mawe na kuosha. Dhahabu ikishatolewa shimoni haimwogopi mwanamke tena. Hapo inataka abebe, asage, aoshe, aikande na zebaki kwa vidole. Mokua aliwahi kuuliza hiyo dhahabu inajuaje kamba imefungwa wapi. Akaambiwa yeye ni mtu wa kuja, anyamaze.

Sasa, wachimbaji wana chama, na chama kina ofisi kubwa Homa Bay. Ofisi ikatuma neno: kila kamati iwe na wanawake, la sivyo msaada hakuna. Nicanor, mwenyekiti wa Osiri, mtu ambaye tumbo lake humtangulia kufika mahali, akasema wao wako tayari kwa usawa. Alilitamka neno hilo kama mtu anayejaribu meno ya bandia.

Wakamchagua Nyakerario.

"Kwa nini wewe?" Mokua alimuuliza.

"Kwa sababu sisemi sana."

"Basi sema."

"Nitasema."

Lakini kamati ya Osiri hukutana kwenye mdomo wa shimo. Ndivyo ilivyo tangu zamani, maana hakuna mwenye shimo anayemwamini mwenzake. Kila mmoja anataka kukaa huku akiliona lake. Nyakerario alikwenda siku ya kwanza amevaa nguo yake ya kanisani, akasimamishwa kwenye kamba.

"Kaa hapo hapo, mama," Nicanor alimwambia. "Uko ndani ya kamati. Ni miguu tu iko nje."

Wanaume wakacheka wakashika mbavu. Akawekewa kiti cha plastiki kando ya kamba, na huko ndiko alikofanyia uongozi wake. Wakimaliza kuamua, mmoja alikuja kumwambia walichoamua. Yeye akitaka kusema, alipaza sauti, na mashine za kusagia mawe zikaimeza. Alitaka jambo moja tu: wanawake wapewe glavu, waache kukanda zebaki na mikono mitupu. Jibu halikubadilika. "Tumesikia, mama."

Mikono yake ikaanza kutetemeka kwa sumu ya zebaki. Baadaye akashindwa kushika hata kikombe, Mokua akawa anamnywesha uji. Kisha akafa. Kwenye mazishi chama kilileta shada la maua ya plastiki. Mokua alilitupa nyuma ya choo.

Matanga hayajapoa, Nicanor akaja nyumbani.

"Jaduong', mzee wangu, pole tena. Wageni wanakuja kutoka Homa Bay. Tunataka uwaambie mama alikuwa kiongozi wetu."

"Na Bonareri?" Bonareri alikuwa akiosha dhahabu katika dimbwi moja na marehemu, na sasa ndiye aliyechaguliwa badala yake.

"Bonareri ana kiti."

"Kile kile?"

"Si bado ni kizima?"

Mokua alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichonasa kwenye kiatu. Mikono ya Bonareri nayo ilikuwa imeanza kutetemeka. Mokua alikuwa ameiona siku ya mazishi, Bonareri akimwaga chai. Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mokua bado alikitaka hapa duniani, ni huyo dada asiketi pale akipiga kelele mpaka naye azikwe.

"Nitakuja," akasema.

Wageni walikuja na lori, na juu ya lori pampu mpya ya kuvuta maji. Mvua ilikuwa imejaza mashimo yote, na wanaume waliitazama pampu ile kama wana njaa. Mkubwa wa wageni alikuwa mwanamke, Kaltum, amevaa buibui na kofia ngumu juu ya ushungi. Nicanor mwenyewe akamnyanyulia kamba. Akampeleka mpaka mdomoni, mgeni akachungulia shimo, akapigwa picha, akapewa kiti katikati ya wanaume. Nje ya kamba Bonareri aliketi akipiga makofi kila alipoambiwa apige.

Nicanor akahutubu. Hapa hatubagui. Hapa mama ni nguzo. Kisha akamwita Mokua.

"Mke wangu alikuwa kwenye kamati," Mokua akasema. "Alikaa pale alipo huyo dada. Mwanamke akivuka hiyo kamba, dhahabu inakimbia. Wewe, mama, umenyanyuliwa kamba. Yeye hakunyanyuliwa mpaka anakufa."

Matiko, mmoja wa wenye mashimo, akacheka kwa pua. "Lakini huyu ni mgeni, mzee. Mgeni hana shida."

"Ana pampu," Mokua akasema.

Kaltum akamgeukia Nicanor. "Mwenyekiti, ni kweli?"

"Ni mila tu, mama. Unajua watu wetu."

"Basi hata mimi nimekosea kuingia. Niondoke? Nikienda mimi, lori linakuja nyuma yangu."

Nicanor akalitazama lori. Akalitazama shimo lake, maji yamefika juu. Akavaa uso wa asali.

"Bonareri, dadangu," akaita, "mbona unakaa mbali hivyo? Njoo huku na wenzako."

Bonareri akainuka. Hakuna aliyemnyanyulia kamba. Akainama mwenyewe, akapita chini yake. Akaketi kati ya Nicanor na Matiko, mikono yake mapajani ikitetemeka mahali ambapo wote waliiona.

"Tuanze na glavu," akasema, wala hakupaza sauti.

Matiko akasogeza kiti chake kumpa nafasi. Nicanor akatikisa kichwa kukubali, kwa adabu nyingi, macho yake kwenye pampu.

Mokua hakukaa. Mwiko wa mababu, na bei yake ni mashine ya maji. Angelijua hilo mapema angeuza shamba, anunue pampu, mkewe avuke. Akatema mate, akashika njia. Nyuma yake Nicanor alikuwa akimwita, jaduong', rudi kidogo, tupige picha ya pamoja na wageni. Hakugeuka.